Sentimita Mbili Kila Upande

9 Februari 1997

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima na karakana imejaa kazi. Huku hatujambo. Mguu wa Bibi unampa nafuu siku mbili, siku ya tatu unamkumbusha kwamba upo. Mama yuko palepale kwenye dirisha la kadi hospitalini, anagombana na wagonjwa wanaosahau kadi zao nyumbani. Amesema nikusalimie. Nikamwambia amwandikie ndugu yake mwenyewe, akasema ana kazi.

Sasa habari yenyewe. Chuo kimetupangia vituo vya mafunzo kwa vitendo. Wenzangu wawili wamepelekwa kituo cha televisheni, wanavaa vitambulisho shingoni mpaka bafuni. Mimi nimepelekwa shule ya msingi. Usicheke. Ni shule ya kawaida, ila ina darasa moja la watoto viziwi, darasa la mwisho, wako kumi na mmoja. Mwalimu wao wa hesabu ndiye peke yake shule nzima anayejua lugha ya alama, na ni mjamzito. Mwezi wa saba anaanza likizo ya uzazi. Mtihani wa kumaliza shule ni katikati ya mwezi wa tisa. Kazi yangu ni kumrekodi akifundisha masomo saba yaliyobaki, kila somo mkanda wake wa video, ili akishaondoka watoto waendelee kusoma kwenye televisheni. Mikanda isipofaa, hawana mwalimu. Na mwalimu mkuu ameniambia bila kupepesa macho kwamba wakifeli hesabu hakuna sekondari itakayowapokea.

Nina kamera moja nzito, deki mbili za kuunganishia picha, na televisheni ambayo lazima uipige kofi ndipo iwake. Lugha ya alama siijui. Najua zile zetu za nyumbani tu: njoo, kula, lala, Bibi amekasirika.

Wewe ndiye kiziwi pekee ninayeweza kumuuliza bila kuona haya. Nianzie wapi? Na kuna jambo sijawahi kukuuliza: ilikuwaje ukaacha shule darasa la nne, wakati unasoma magazeti kutushinda sote?

Mkono umechoka, naishia hapa.

Mpwa wako


2 Machi 1997

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo tu unalalamika. Nina viti ishirini na vinne vya ukumbi wa mikutano vya kuvika upya, na nikivitazama vilivyobonyea najua mikutano ile ilikuwa mirefu. Mwambie Bibi aache kupanda kigoda kutafuta vitu juu ya kabati. Hakuna kitu kule, niliviondoa mwenyewe. Mama yako mwambie salamu zake zimefika.

Kituo cha televisheni hujakosa kitu. Mimi nawatazama kila siku wakifungua midomo na kufunga, na sijaona hasara.

Umeuliza uanzie wapi. Mtu anayesikia ana njia mbili. Masikio yanamfuata mwalimu, macho yako ubaoni. Sisi tunayo moja. Mwalimu akionyesha ubao huku anaongea kwa mikono, mtoto atachagua kimoja, kingine kitampita. Kwa hiyo mwalimu wako aonyeshe, asubiri watazame. Kisha aseme. Kisha asubiri tena. Subira hizo usizikate. Najua watu wa video mna uchu wa kukata.

Mwambie pia avae nguo ya rangi moja, iliyokoza. Mikono ikipita mbele ya maua ya gauni, macho yanachoka.

Swali lako la mwisho nimelisoma. Springi za mwaka huu ni mbovu sana, zinalala baada ya miezi mitatu.

Fanya kazi vizuri.

Mjomba


6 Aprili 1997

Mjomba, shikamoo.

Pole na springi. Bibi amekasirika kwamba uliondoa vitu juu ya kabati bila kumwambia, anataka kujua uliviweka wapi. Mimi simo.

Naona heri nikueleze aibu yangu mwenyewe kabla hujaisikia kwa mwingine. Msimamizi wetu kutoka chuoni tunamwita Bwana Sogea, maana neno lake ni hilo moja: sogea karibu, uso ujae, mtazamaji aone macho. Nami nikasogea. Nilipanga taa, nikampaka mwalimu poda puani, akatoka safi kabisa. Siku ya kuonyesha tukawasha televisheni darasani. Dakika ya kwanza watoto walitulia. Dakika ya pili binti wa dawati la mbele akainuka, akaenda mpaka kwenye televisheni, akainama akachungulia chini yake. Akazunguka nyuma. Alikuwa anatafuta mikono.

Mikono yote ilikuwa nje ya picha, Mjomba. Dakika arobaini za somo la kugawanya sehemu, uso mtupu unakunja nyusi. Darasa lilicheka, mwalimu akacheka mpaka akaomba kiti, mimi nilitamani ardhi ipasuke. Tumerekodi upya yote. Sasa napiga kuanzia kiunoni mpaka juu kidogo ya kichwa, na sisogei hata Bwana Sogea akilia. Subira sizikati. Gauni la maua limepigwa marufuku.

Watoto wamenipa jina. Wanafumba jicho moja, wanakunja vidole mbele ya jicho la pili. Jicho Moja. Mwalimu anasema kwa viziwi jina hulichagui, unapewa, na ukipewa ujue wameshakuzoea. Na alama najifunza. Jana nimemwambia mvulana mmoja akae chini, kumbe nimemwambia apike.

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani. Kwa kuwa wewe uliniambia habari za springi, nikamuuliza Mama kwa nini uliacha shule. Akasema, muulize mwenyewe. Halafu akaanza kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Salamu kwa mafundi wenzako.

Mpwa wako, Jicho Moja


27 Aprili 1997

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimewasomea mafundi wenzangu habari ya binti aliyechungulia chini ya televisheni. Sisi wanne hapa wote ni viziwi, na yule mzee wetu wa kukata ngozi alicheka mpaka akatema misumari. Nusura apate ajali. Unajua sisi misumari tunaiweka mdomoni wakati wa kazi.

Umefanya vizuri kurudia. Kazi mbovu inarudiwa, haina njia nyingine. Vitu vya Bibi viko chini ya kitanda chake mwenyewe, kwenye sanduku la bati.

Mama yako usimsumbue na habari za zamani. Anachoka kazini.

Mjomba


1 Juni 1997

Mjomba, shikamoo.

Bibi amelipata sanduku na sasa anasema kuna vitu vimepungua. Mama hajambo. Mimi si mzima sana wa moyo, na nitakueleza.

Mwalimu wetu shinikizo la damu limempanda. Juzi daktari amemlaza, amesema ni kitandani mpaka atakapojifungua. Tulikuwa tumemaliza mikanda mitano. Imebaki miwili, eneo na ujazo, na mwalimu mkuu anasema hayo mawili hayajawahi kukosekana kwenye mtihani.

Tumejaribu mwalimu mwingine. Ni mtu mwema, anajua hesabu, lakini anaongea akiangalia ubao. Watoto walikaa wakitazama mgongo wake. Alipogeuka, aliandika kwenye daftari la kila mmoja, "Umeelewa?" Wote kumi na mmoja wakaandika, "Ndiyo." Nilikusanya madaftari baadaye. Hakuna hata mmoja aliyeelewa. Wamezoea kuandika ndiyo ili mtu asiwakasirikie.

Nimefikiri hivi kwa siku tatu na sasa nasema. Njoo wewe. Lugha ya alama unayo tangu ujana, uliipata kwa mafundi wenzako. Eneo ni kazi yako ya kila siku, hakuna kitambaa unachokata bila kulipima. Ujazo ndio sponji. Mwalimu mkuu amekubali, nimeshamuuliza. Siku mbili tu. Utalala chumbani kwangu, mimi nitalala kwa jirani.

Nasubiri jibu lako.

Mpwa wako


22 Juni 1997

Mjomba, shikamoo.

Sijui kama barua yangu ya tarehe moja ilifika. Kama ilifika na hutaki, niambie hutaki. Nitakasirika wiki moja halafu yataisha.

Watoto wanatazama mkanda wa tano kwa mara ya nne. Wanaujua mpaka mahali ambapo mwalimu alipiga chafya, na wao wanapiga naye. Wananiuliza wa sita uko wapi. Nimewaambia uko njiani. Sijui kwa nini nimewaambia hivyo.

Bibi anakusalimu.

Mpwa wako


29 Juni 1997

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua zako zote mbili zimefika. Ya kwanza niliipata siku ya nne tangu uitume. Nakuambia hivyo usije ukawalaumu watu wa posta bure.

Mimi niliishia darasa la nne. Tangu siku niliyotoka sijaingia darasani. Mara mbili shule zimeleta kazi, viti vya ofisi ya walimu, na mara zote mbili nilimtuma mwenzangu akapime. Wao hapa wanadhani ni maringo. Mimi si mwalimu. Nikisimama mbele ya ubao jasho litanitoka na watoto wataliona, na mtoto kiziwi huwezi kumficha, anaona kila kitu. Hilo ndilo jibu nililoliandika wiki ya kwanza, nikalichana.

Wiki tatu nimetafuta sababu ambayo wewe usingeweza kuijibu. Kila nikiipata nakumbuka wale watoto walioandika ndiyo. Mimi niliandika ndiyo nyingi sana.

Nitafika Alhamisi tarehe kumi. Sitaki kuongea na kioo cha kamera, watoto wenyewe wawemo darasani. Niletee meza imara. Mto wa kiti na sponji nitakuja navyo. Na huyo Bwana Sogea asiwepo.

Mjomba


10 Agosti 1997

Mjomba, shikamoo.

Natumaini mgongo umepona safari. Mwalimu wetu amejifungua salama, mtoto wa kike, wote wazima. Bibi nimemweleza ulivyofundisha siku mbili mfululizo, akaenda moja kwa moja kuwaambia majirani. Mama nimemweleza pia. Aliniuliza kama ulivaa koti. Nikamwambia ndiyo, la bluu.

Hapa watoto hawana habari nyingine isipokuwa wewe. Wanabana midomo, wanachomoa kitu kisichoonekana katikati yake na kukipigilia hewani. Ndilo jina lako hilo, Misumari. Umepewa, huna la kufanya.

Sasa kaa kwenye kiti, kimojawapo cha vile ulivyovimaliza.

Jumatatu iliyopita walifanya jaribio. Ujazo wamepata wote. Swali la tano lilikuwa la eneo: mstatili wenye urefu wa sentimita arobaini na upana wa thelathini. Jibu ni elfu moja na mia mbili. Watoto wote kumi na mmoja wameandika elfu moja mia nne tisini na sita. Mwalimu mkuu akasema wamenakiliana, akataka kuwafutia jaribio na kuwaandikia wazazi. Nikamwomba anipe saa moja. Nikaenda kuutazama mkanda wa sita.

Mjomba, uliupima ule mto wa kiti mbele yao, hamsini kwa sitini. Halafu ukaandika ubaoni hamsini na nne kwa sitini na nne. Uliongeza nyongeza ya mshono. Sentimita mbili kila upande, pande zote nne, kama unavyoongeza maisha yako yote kabla ya kushika mkasi. Ukaeleza vizuri sana kwamba bila hizo mbili kazi yote imeharibika. Nilikuwepo, na sikuona, maana nilikuwa naangalia mikono yako isitoke kwenye picha. Mwalimu mkuu naye alikuwepo, akitikisa kichwa kwamba ni somo zuri.

Najua ukifika hapa unataka kuikunja barua. Usiikunje. Mwaka mzima watoto hawa wanaandika ndiyo bila kuelewa. Safari hii wameelewa wote. Kosa lako limeingia katika vichwa kumi na moja bila kupungua hata sentimita moja. Hakuna mwalimu wa shule hii aliyewahi kufanya hivyo kwa jibu sahihi.

Lakini mtihani umebakiza wiki tano. Nimejaribu kuwasahihisha mwenyewe kwa alama zangu mbovu, nikaandika na ubaoni. Wamenitazama kwa huruma. Binti wa mbele amenijibu, "Misumari alisema mbili." Mtu wa kwenye mkanda wanamwamini kuliko mimi, na ni haki yao. Hawatamwamini mtu mwingine. Njoo uwaambie.

Nakuomba usikae wiki tatu.

Mpwa wako


31 Agosti 1997

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimerudi salama, basi liliharibika mara moja tu. Viti vya ukumbi vimekamilika na vimeshachukuliwa. Mwambie Bibi aache kuwaeleza majirani, mmoja amenifuata hadi huku na mjukuu wake nimfundishe hesabu.

Barua yako niliisoma nimesimama. Nilipofika kwenye elfu moja mia nne tisini na sita nilijua kabla hujasema. Niliona aibu, sitakuficha. Nilitoka nje nikakaa kwenye rundo la sponji mpaka wenzangu wakaja kuniangalia. Nikawaeleza. Yule mzee wa ngozi akaniambia kwa mikono, "Kwani si lazima kuongeza mbili?" Ndipo nikaona kwamba nisipokwenda, hakuna atakayewaambia. Kesho yake nilipanda basi.

Ulichokiona kwenye kamera unakijua. Nilisimama mbele yao nikasema, "Nimekosea. Tuanze upya." Nikafuta mbili zangu. Ila kuna mambo hukuyapata, maana ulikuwa umeinama unabadilisha betri, na alama zako bado za kubabaisha. Binti wa mbele aliniuliza, "Mwalimu anaruhusiwa kukosea?" Nikamwambia sijui, mimi si mwalimu, mimi fundi, na fundi akikosea anafumua. Mvulana wa nyuma akauliza, "Ulijuaje kama umekosea?" Nikamwambia, ninyi ndio mlionionyesha. Mngenakili bila kuelewa nisingejua mpaka leo. Sisi tukikaa kimya mikono inalala mapajani, na ilikuwa imelala yote.

Sasa swali lako la mwezi wa pili. Nimelikwepa mara mbili na hustahili mara ya tatu.

Nilikuwa na miaka tisa nilipougua homa ya uti wa mgongo. Nilitoka hospitali sisikii, lakini kusoma na kuandika nilikuwa nimeshajua, kwa hiyo wakanirudisha darasani. Mama yako alikuwa darasa moja na mimi, alichelewa kuanza shule. Akawekwa dawati langu. Kazi yake ilikuwa kuniandikia kila anachosema mwalimu, pembeni ya daftari langu. Aliandika mihula miwili. Madaftari yake mwenyewe yalikuwa matupu, akawa anachapwa kwa hilo. Siku moja nilifika nikakuta amehamia dawati la marafiki zake. Mwalimu akaniuliza kitu. Nikamtazama mama yako. Akatazama dirishani. Mwalimu akauliza tena, nikaandika ndiyo ubaoni, darasa likacheka. Jibu lilikuwa namba. Nikachukua mfuko wangu nikaenda nyumbani, na kesho yake nikasema napenda kazi ya makochi.

Alikuwa na miaka kumi na moja. Mtoto wa miaka kumi na moja hawezi kuwa masikio ya mtu kutwa nzima. Sikumkasirikia wakati ule na sina kinyongo leo. Ila hatukuwahi kulizungumza, na kwa kuwa hatukulizungumza, hakuna kingine tulichoweza kuzungumza. Miaka thelathini na saba ananitumia salamu kwa midomo ya watu. Usimwambie kwamba nimekuandikia haya. Ni ya kwake kuyasema au kuyaacha.

Watoto waambie Misumari anawaombea. Waambie mstatili wa karatasi haushonwi.

Mjomba wako


21 Desemba 1997

Mjomba, shikamoo.

Bibi mzima, mguu uleule. Chuo nimemaliza. Bwana Sogea amenipa alama za chini kwenye picha na za juu kwenye "nidhamu ya kazi", sijui maana yake nini. Mwezi wa kwanza nitarudi kwenye ile shule kwa mkataba wa mwaka mmoja, kurekodi masomo ya sayansi. Mwalimu wa hesabu amerudi kazini na mtoto mgongoni.

Matokeo yametoka juzi. Kati ya kumi na mmoja, kumi wamefaulu hesabu. Sekondari moja yenye mwalimu wa alama imekubali kuwachukua wote kumi. Mmoja amefeli, yule mvulana wa nyuma, kwa alama tatu. Atarudia mwaka. Nilikwenda kwao kumwona, nikamkuta analia, nikakaa naye. Hakutaka mikono yangu iseme lolote, nikaiweka mapajani. Kabla sijaondoka ameniuliza kama mikanda bado ipo. Nimemwambia ipo yote saba na nitamwazima.

Nilikuwa nyumbani wiki mbili zilizopita, na mikanda nilikuwa nayo kwenye begi. Jirani ana deki. Mama aliniomba aone ndugu yake alivyofundisha. Neno lako nimelishika, sikumwambia hata herufi moja ya barua ile, na Bibi ni shahidi. Nikamwekea mkanda wa sita, ule uliosahihishwa.

Alikaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba mapajani kama aliyekuja ofisi ya watu. Mkanda ulipofika mahali ulipogeuka kutoka ubaoni ukawatazama watoto, akaniuliza unasema nini hapo. Nikamwambia, "Nimekosea. Tuanze upya." Akaniomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akaomba tena. Mara ya nne akaweka mkoba chini, akainua mikono yake mwenyewe, akajaribu. Akasema, "Ni hivi?" Nikamwambia mkono wa kulia uko chini sana. Akarekebisha. Alikuwa analia na hakujifuta, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Kisha akanieleza yeye, kwa mdomo wake. Dawati, dirisha, yote. Yalilingana na ya kwako, isipokuwa jambo moja ambalo wewe hulijui. Kesho yake alirudi kwenye dawati lenu. Alikusubiri pale mpaka muhula ukaisha.

Anakuja kwako Jumamosi kwa basi la asubuhi. Hataki nikuandikie, lakini nimeona uwe nyumbani usije ukaenda kupima viti vya watu. Amefanya mazoezi kila jioni mbele ya kioo cha kabati. Ana maneno yale matatu tu, mikono yake mizito na atayakosea. Tafadhali, Mjomba, usimmalizie. Subiri.

Mpwa wako